Nyimbo Kumi na Tatu na Ule wa Nedra

Jumapili, 1 Juni 2003

Mzee Ozell amekuja moja kwa moja kutoka kanisani, hata tai hajalegeza, akaweka karatasi juu ya meza ya jikoni. Kampuni inataka kutoa albamu ya nyimbo zangu bora. Nyimbo kumi na nne, mwezi wa Septemba, na kwenye jalada ile picha ya zamani nimevaa hereni kubwa kama bangili.

"Mambo haya si hufanyiwa mtu akishakufa?" nikamwuliza.

"Wewe wamekuwahi," akasema. Mama alicheka mpaka akaweka chini kisu cha viazi.

Ozell ni meneja wangu tangu nina miaka kumi na tisa. Sasa nina thelathini na tano. Memphis nzima wananiita Tennie G, lakini hapa mtaani Orange Mound mimi ni Tennille wa Bi Earline, na nimerudi kuishi na mama tangu goti lake lilipopasuliwa.

Kampuni wanataka pia niandike maneno machache juu ya kila wimbo, yachapwe kwenye kijitabu cha ndani. Ozell ameninunulia daftari hili kwa kazi hiyo. Naona nitaandika na mengine humu, maana kwa nyimbo zenyewe sina mengi ya kusema.

Wa kwanza kwenye orodha ni "Nedra". Ningeshangaa usingekuwa wa kwanza.

Jumanne, 3 Juni

Joto. Nimeandika maelezo ya wimbo mmoja, nikayachana.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemaliza nyimbo tano. Ule niliowatungia akina mama wa kiwanda cha matairi siku kilipofungwa ndio ninaoupenda kuliko zote, nao wameuweka wa kumi na tatu.

Kwenye kituo cha mafuta dada mmoja alinikazia macho. "Samahani, wewe siyo yule wa Nedra?" Hakuniita Tennie G. Albamu sita, miaka kumi na sita ya kuzunguka kila mji wa Kusini, na mimi ni "yule wa Nedra". Nikamwambia ndiye. Akaniimbia kibwagizo pale pale, bomba la mafuta mkononi.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nimejaribu kuandika juu ya "Nedra" yenyewe. Nitaandika ukweli hapa kwanza, kisha nitafute wa kuchapwa.

Nedra Cobbins alikuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja shule ya Melrose, tukasukana nywele ngazini kwao. Mwaka wa 1987, mwezi wa Juni, alikuja hapa nyumbani akasema ana mimba ya kaka yangu Dewitt. Dewitt alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ndio kwanza amepata kazi nzuri. Akaapa mbele ya mama na mbele yangu kwamba si yake, kwamba Nedra anamsingizia, kwamba wako wengine. Nikamwamini. Ni kaka yangu. Nilikwenda kwa shangazi yake Ozell alikokuwa ameweka mitambo yake jikoni, na kwa mchana mmoja nikatunga na kurekodi:

Nedra, Nedra, baba ni yupi?
Panga foleni, kaka mrefu, kaka mfupi!

Kufikia Krismasi kila gari lililopita Park Avenue lilikuwa linauliza. Kufikia mwaka uliofuata waliuliza Atlanta, Houston, mpaka Los Angeles. Mtoto alizaliwa Oktoba. Wa kike. Sikwenda kumwona.

Kwa kijitabu nimeandika: "Wimbo wa ujana. Tulikuwa wakorofi!" Ozell amesema yanatosha.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemwona Nedra kwa mbali. Siku za shule anaendesha basi la wanafunzi, na wakati wa likizo anaendesha la kanisa lao. Alikuwa amelisimamisha mbele ya duka la dawa, anamshusha kikongwe kwa kumshika kiuno. Nikageuza gari.

Watoto husikika wakiimba kwenye mabasi ya shule. Sijawahi kufikiria hilo mpaka leo. Wanaimba nini?

Jumatano, 25 Juni

Mvua kidogo. Mama ana hasira na goti.

Ijumaa, 4 Julai

Tumechoma nyama uani kwa mama, mbavu za pande mbili nzima, na kambare wa Ozell. Dewitt amekuja na mkewe na aproni yake iliyoandikwa SHEMASI, amesimama kwenye moshi anatoa amri kama jenerali. Watu wanampenda kaka yangu, nami nampenda. Hajawahi kupita nyumba ya mjane bila kumkatia nyasi.

Ozell akaleta kinasa akaweka nyimbo kwa mpangilio wa albamu mpya. Midundo ya "Nedra" ilipoanza, ua mzima ukapiga kelele. Wakaimba wote, na watoto wa jirani.

"Huo ndio wimbo wangu!" Dewitt akapaza sauti, koleo la nyama juu. "Tenni alinitetea, nyie! Mwanamke akija kukubambikia mtoto, uwe na dada anayejua kufoka!"

Wakacheka. Nikacheka nami. Kisha nikamwona mama anainuka, goti na yote, anaingia ndani. Nilimfuata. Nimemkuta anaosha sahani safi.

"Joto," akasema.

Jumatano, 9 Julai

Joto kweli. Nimebakiza nyimbo mbili.

Jumanne, 22 Julai

Naandika kwa penseli, kalamu sijui iliko.

Saa moja kasoro asubuhi mbingu ilikuwa nyeusi upande wa mto. Nilidhani mvua ya kawaida. Nikaweka kahawa. Kisha upepo ukaja, na haukuja kwa vipindi kama upepo mwingine, ulikuja mara moja ukabaki, kama mtu anayeegemea mlango kwa bega. Mama alikuwa bafuni. Nilimvuta tukalala chini ukumbini, godoro juu yetu. Nikasikia mti unapasuka. Ile miti ya mwaloni ya mtaa huu ina miaka mia, na ukianguka mmoja ardhi inaruka. Mama alikuwa anataja majina ya wajukuu wake kwa sauti, mmoja mmoja, anawaombea. Wa Dewitt ni watatu. Mama alitaja wanne.

Nilisikia vizuri. Mdomo wake ulikuwa sikioni pangu.

Dakika kumi na tano, basi. Tulipotoka mtaa ulikuwa haufahamiki. Mwaloni umelala juu ya gari la jirani, nyaya za umeme zimetapakaa barabarani, hakuna taa wala simu. Hakuna aliyeumia upande wetu, Mungu ashukuriwe. Dewitt alifika kwa miguu na msumeno, akaanza kukata matawi mlangoni kwetu kabla hajasema neno.

Sijamwuliza mama juu ya yule wa nne.

Jumatano, 23 Julai

Hakuna umeme. Mtaa mzima unapika nyama kabla haijaoza. Tumekula mbavu asubuhi, kuku mchana. Barafu hakuna duka lolote, na dawa ya mama ya sukari, ile ya sindano, inataka baridi. Nimeifunga kwenye kitambaa chenye maji.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeshika penseli toka saa tisa na sasa jua linashuka.

Asubuhi kitambaa kilikuwa cha moto. Nilizunguka kutafuta barafu mpaka nikaishiwa petroli. Niliporudi kwa miguu nikakuta basi la kanisa la Mount Gilead limesimama mbele ya nyumba yetu, na Nedra Cobbins yuko kibarazani anazungumza na mama kupitia wavu wa mlango.

"Bi Earline, nimekumbuka una sukari. Dawa yako inakaa wapi?"

"Imepata joto, mwanangu," mama akasema.

"Basi njoo. Kanisani kwetu jenereta inafanya kazi, friji ipo na feni zipo. Chukua na nguo ya kulalia."

Kisha akageuka akaniona. Amenenepa kidogo, nywele amezikata fupi. Nilingoja anitukane. Akasema, "Mshike upande wa goti bovu. Ngazi za basi ni ndefu."

Nikamshika. Tulipanda. Njia nzima, watu kumi na mbili ndani ya basi, wazee wote, na hakuna aliyeimba chochote.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa baridi kama kisima. Wasichana walikuwa wanapasua barafu kwa nyundo na kugawa. Mmoja, mrefu, gauni la bluu, alikosea nyundo ikaruka, akacheka. Kicheko chake kilianza kwa kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyekwamwa na kitu, kisha kikafunguka. Ni mtu mmoja tu duniani ninayemjua anacheka hivyo, na siku ya tarehe nne alikuwa amesimama kwenye moshi wa nyama zetu.

Mama alinishika mkono. "Hata baba yangu alicheka hivyo," akasema.

"Mama. Umejua tangu lini?"

"Tangu ana miaka mitatu. Nilikutana nao dukani, yuko kwenye kitoroli cha mama yake. Nikaona paji la uso. Anaitwa Marquita."

"Na hukusema!"

"Ningesema nini? Wimbo ulikuwa redioni kila saa. Dewitt alikuwa ameshaoa. Na wewe..." Akanitazama. "Wewe ulikuwa unanunulia watu wote nguo za kanisani kwa pesa za wimbo wa mtoto yule. Ningekuambia nini, Tennille?"

Yule binti alitufikia na bakuli. Akamwinamia mama. "Bibi, unataka vipande vikubwa au vidogo?" Huku kila mzee huitwa hivyo. Lakini mama alilia mpaka nikalazimika kumdanganya mtoto kwamba ni goti.

Jumapili, 27 Julai

Nimemkuta Dewitt anakata mti nyuma ya kanisa letu, peke yake. Nikamwambia azime msumeno.

"Nimemwona binti yako."

Hakuuliza yupi. Alifuta jasho. "Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, Tenni."

"Uliapa uongo juu ya kitabu cha Mungu mikononi mwa mama."

"Niliogopa. Nilidhani nitasema baadaye. Wiki moja, mbili. Halafu wewe ukatoa wimbo, na ukawa mkubwa, ningesemaje? Niseme dada yangu ni mwongo?"

"Usinitupie mimi!"

"Sikutupii. Mimi nilisema uongo sebuleni, mbele ya watu wawili. Wewe uliupeleka California."

Nilitaka kumzaba kofi. Nikatembea mpaka nyumbani chini ya jua.

Jumatatu, 28 Julai

Mama bado yuko kwa akina Nedra, kwenye feni. Mimi niko gizani na nyimbo zangu.

Jumatano, 30 Julai

Nilikwenda nyumbani kwa Nedra saa nne asubuhi. Alikuwa kibarazani anakunja taulo za ukumbini. Hakunikaribisha kiti, nami sikukaa.

Nikamwambia kwamba wimbo ule ulikuwa uongo, kwamba niliutunga kwa kumwamini kaka yangu, lakini hata ningemwamini vipi haikuwa haki. Nikamwambia samahani. Nikamwambia nitaiambia kampuni iuondoe kwenye albamu.

Alikunja taulo tatu kabla hajajibu.

"Unajua nilichoka na nini? Si kuchekwa. Mwaka wa kwanza nilichekwa, nikazoea. Nilikwenda kujifungua, muuguzi akaandika jina langu kwenye karatasi, akaanza kuimba kidogo kidogo. Hakujua ni mimi. Alikuwa na furaha yake tu." Akachukua taulo jingine. "Marquita alikuwa na miaka saba aliponiuliza, 'Mama, ule wimbo ni mimi?' Nikamwambia ni Nedra mwingine."

"Nitauondoa."

"Ukiuondoa nafaidika nini? Tenni, wameshaukariri. Kila Septemba nikiwasha basi, watoto wa darasa la sita wanauimba nyuma yangu, na hao hawakuwa wamezaliwa. Utauondoa vinywani mwao?"

"Sasa unataka nini?"

"Ulinisema kwa sauti. Nisafishe kwa sauti. Nataka ukweli usomwe na usikike. Si kibarazani kwangu, wakati mtaa hauna umeme wa kuwasha hata redio." Akainuka na taulo zake. "Na huyo shemasi mwambie sihitaji chochote kwake. Mtoto ndiye anaweza kuwa na maswali."

Jumatano, 6 Agosti

Umeme umerudi saa nane mchana. Mtaa mzima ulishangilia kama timu imefunga goli. Mama amerudi nyumbani.

Ozell amewapigia kampuni. Wamesema wimbo hauondoki, rekodi ni mali yao, na albamu bila "Nedra" ni sawa na mazishi bila maiti. Nikamwambia Ozell siombi tena uondoke. Nilimwomba waniache nibadilishe maelezo yake kwenye kijitabu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeandika mara tisa. Haya ndiyo ya mwisho:

"Nedra Cobbins ni mtu halisi. Alikuwa rafiki yangu. Kila nilichosema juu yake katika wimbo huu ni uongo. Alimjua baba wa mtoto wake, akaja kutuambia kwa heshima, na sisi tukamfukuza. Baba alikuwa wa nyumba yetu. Wimbo huu ulinijenga mimi na kumwumiza yeye, na hakuna siku aliyostahili. Sitauimba tena. Ukiusikia, jua haya. Tennille Gholston."

Nimempelekea Dewitt kwanza asome. Jina lake halimo, lakini nina kaka mmoja tu. Alisoma amesimama, akasoma tena ameketi. Akasema, "Nipe mpaka Jumapili nimwambie mke wangu." Nikampa.

Jumatatu, 18 Agosti

Dewitt amemwambia mkewe. Dewitt mwenyewe amehamia kwa rafiki yake kwa sasa. Amejiuzulu ushemasi kabla hajaombwa.

Ijumaa, 22 Agosti

Kampuni wamekataa maelezo. Wanasema yanaharibu sherehe. Wanataka turudi kwenye "Tulikuwa wakorofi!"

Sikuwa na la kufanya. Ozell alikuwa amekaa hapa hapa jikoni, simu sikioni, amefumba macho kama anaomba. Kisha akasema kwa upole sana, "Ile picha ya jalada, ya hereni. Mnaye mtu aliyewapa ruhusa?" Akagonga meza kwa kidole. "Naona hamna. Picha ile niliipiga mimi, kwa kamera yangu, nje ya nyumba ya shangazi yangu. Chapeni maneno ya msichana kama yalivyo, mtapata picha. Mkikata hata nukta, tafuteni picha nyingine."

Alipokata simu aliiweka mezani. "Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe cha kurekodi siku ile," akaniambia. "Nilikuwa mtu mzima. Ningekuuliza, 'Binti, una uhakika?' Sikukuuliza. Mdundo ulikuwa mtamu."

Jumamosi, 23 Agosti

Wamekubali.

Jumamosi, 6 Septemba

Onyesho la kuzindua albamu lilikuwa bustanini saa kumi jioni, jua kali bado. Watu walijaa mpaka barabarani. Wametoka na viti vyao, na vizee vyao, na nilipoanza ule wa kiwanda cha matairi akina mama kadhaa waliinua ngumi, wengine wakafuta macho. Nilijisemea kumbe nilifanya kazi fulani hapa duniani.

Baada ya wimbo wa tano wakaanza. "Ne-dra! Ne-dra!" Nikaweka mkono kumzuia mpiga santuri.

Nikawaambia. Nilikuwa nimekariri yale ya kijitabu, lakini nilipofika "Baba alikuwa wa nyumba yetu" niliyaacha, nikaendelea kwa maneno ya kawaida tu. Nikasema jina lake lote. Nikasema ni mwongo mimi, si malaya yeye. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "We imba, bwana, tumekuja kufurahi!" na kundi moja kushoto wakaanza kibwagizo bila mdundo, nao walikuwa wengi. Sikuwazuia, wala ningeweza. Nilisimama na kipaza sauti chini mpaka wakachoka. Ilichukua muda. Walipoacha, mwanamke mmoja wa mbele, mtu mzima na mwavuli, akasema kwa sauti ya kawaida lakini ikasikika, "Haya. Endelea, mwanangu." Nikaendelea na wimbo wa sita.

Nedra hakuja. Alimtuma mtu kununua albamu.

Jumatatu, 8 Septemba

Nedra amepiga simu yeye mwenyewe. "Nimesoma. Herufi ni ndogo sana, ila nimesoma." Kisha, "Nimemwambia Marquita yote. Amekaa chumbani siku mbili. Leo kaniuliza anwani ya Bi Earline."

Jumapili, 14 Septemba

Mama ameamka saa kumi na moja kupika. Kuku, mkate wa mahindi, mboga na viazi vitamu, kana kwamba linakuja jeshi.

Marquita alikuja peke yake. Nedra alimshusha nje, akanipungia mkono bila kushuka, akaondoka. Binti amevaa gauni la bluu lile lile. Mama alimshika uso kwa mikono miwili akamwangalia muda mrefu, na mtoto akamwachia.

Tulikuwa tumeshaanza kula Dewitt alipobisha. Mama ndiye aliyemwita. Alisimama mlangoni na keki ya dukani, amekonda. Akasema, "Marquita. Mimi ni Dewitt."

"Najua," akasema yule mtoto. "Ulikuwa unaishi wapi siku zote hizi?"

"Barksdale. Mitaa minne kutoka hapa."

"Shule yangu iko karibu sana na hapo," akasema. Hakusema kwa ukali. Dewitt akaweka keki chini akalia kama mtoto, na hakuna aliyemfuata kumbembeleza. Baadaye mama akamsogezea sahani.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, Marquita na mimi, akaniambia albamu ameisikiliza yote. Anapenda ule wa kiwanda cha matairi. Ule wa kwanza aliuruka.

"Hata mimi nauruka," nikasema.

Alikausha glasi mbili. "Nikuite nani? Shuleni wote wanakuita Tennie G."

"Mimi ni dada wa baba yako. Ukitaka, ni shangazi yako."

Akaiinua glasi kwenye mwanga kuona kama imetakata.

"Kwa sasa nitakuita Bi Tennille," akasema, akanipa nyingine nioshe.